Mtaa ni wa Watu Waungwana

Simu iliita saa 7:40 usiku, Ijumaa ya katikati ya Agosti 2014. Namba niliifahamu. Ilikuwa ya mwalimu aliyenunua nyumba yetu ya Tabata miezi minne nyuma. Niliitika mara mbili, hakujibu. Nilichosikia ni muziki, lakini si wa redio ya mle ndani. Ulikuwa muziki wa nje, uliokwisha kupenya dirishani ukapoteza maneno na kubaki besi tupu, na juu ya besi sauti ya mshereheshaji akiwataja kwa majina wateja waliokaa meza za mbele. Aliishikilia simu hivyo kama dakika nzima, kisha akakata.

Mke wangu akageuka, akauliza ni nani huyo usiku wote huu. Nikamwambia mtu amekosea namba. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili kuhusu nyumba ile. Wa kwanza niliusema mchana kweupe, sebuleni kwa marehemu baba yangu, mama yangu akinisikia, na ulikuwa na maneno matano tu.

Baba alianza kuijenga nyumba hiyo mwaka 1988. Tofali alifyatua mwenyewe uani, Jumamosi na Jumapili, kwa kalibu ya kuazima. Tulihamia mwaka 1991, kabla ya plasta, kabla ya dari, maji tukiteka kwa jirani. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya uchochoro wa hatua nne, palikuwa na kiwanja kitupu chenye mwembe mmoja. Mwaka 2003 akaja mtu akaweka jiko la nyama choma chini ya mwembe ule, na viti sita vya plastiki. Tulifurahi. Baba mwenyewe alikuwa mteja wake wa jioni. Kisha likaja banda la makuti, halafu friji, halafu spika mbili, halafu jukwaa na bendi ya Ijumaa na Jumapili, na mwisho jenereta, ili umeme ukikatika muziki usikatike. Siwezi kuionyesha kwa kidole siku tuliyoanza kukosa usingizi. Ilikua kama mtoto anavyokua machoni pa watu wanaomwona kila siku.

Mtu ambaye hajalala jirani na spika kubwa hudhani kelele ni jambo la masikio. Sauti nyembamba ndiyo ya masikio; ukifunga dirisha na kujifunika shuka inapungua. Besi ni jambo la kifua. Sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, na wimbi la namna hiyo halisumbuliwi na ukuta wa tofali za inchi sita, sembuse madirisha ya luva. Linapita, linaingia kwenye godoro, linaingia kwenye kabati. Glasi za mama, zile za harusi yake, zilikuwa zikigongana zenyewe kwa zenyewe kila Ijumaa kuanzia saa 3 usiku, mlio mdogo wa kama kengele, hadi saa 10 alfajiri. Mama akachukua khanga kuukuu, akaichana vipande, akaweka kitambaa baina ya glasi na glasi. Mlio ukaisha. Alilofanikiwa kulinyamazisha katika jambo lile lilikuwa hilo tu.

Baba hakunyamaza. Alikwenda kwa mjumbe, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaenda kwa mtendaji wa kata. Kila alikokwenda aliacha barua, na kila barua alibaki na nakala, kwa sababu alikuwa karani maisha yake yote. Nakala zilikuwa tano, ya kwanza ya mwaka 2006. Alizihifadhi kwenye bahasha ya kaki pamoja na hati ya kiwanja, risiti za kodi ya ardhi na ramani ya nyumba.

Alifariki mwaka 2012. Mama hakutaka kubaki Dar es Salaam. Alitaka kurudi Tanga, karibu na dada yake. Mahakama ikaniteua msimamizi wa mirathi, na baada ya kikao cha familia tukakubaliana nyumba iuzwe.

Dalali alikuwa kijana mwenye adabu. Alizunguka nyumba, akatazama paa, akafungua mabomba, kisha akasimama upande wa uchochoro akaitazama baa iliyokuwa imelala, viti vimepangwa juu ya meza, mtu mmoja akifagia. Hakuhitaji kuuliza. “Kaka, wateja nitawaleta asubuhi,” alisema. “Na wewe wakiuliza mengi, niachie mimi.”

Mwalimu alikuja mara tatu. Mara ya kwanza Jumamosi asubuhi peke yake, mara ya pili Jumatano saa 10 jioni na fundi wake, mara ya tatu na mkewe, ambaye alikuwa na mimba kubwa. Fundi alifanya kazi yake sawasawa. Aligonga kuta, akapanda darini, akatoka na taarifa kwamba kuna ufa mdogo chini ya dirisha la jikoni na mbao mbili za paa zimeanza kuliwa na mchwa. Tulipunguza bei kwa ajili ya vitu hivyo viwili, bila ubishi. Nilijiona mwuzaji mwaminifu.

Siku ile ya tatu mke wa mwalimu alisimama mbele ya kabati la mama. Akasema, kwa kusifu, “Mama, glasi zako umezitunza kweli, hadi umeziwekea vitambaa.” Mama alitabasamu, akasema, “Ndiyo, mwanangu,” akaenda jikoni kuleta chai. Ushahidi wote ulikuwa pale, nyuma ya kioo, umekunjwa vizuri. Binti yule aliutazama akaona usafi wa nyumba.

Kisha mwalimu akaniuliza swali moja, la upole kabisa: “Kaka, na mtaa wenyewe umetulia?”

Nikamjibu, “Mtaa ni wa watu waungwana.”

Na ni kweli, ulikuwa wa watu waungwana. Hata mwenye baa alikuwa muungwana. Baba alipofariki alileta viti vyake vyote msibani na hakutoza senti. Nililichagua jibu lile kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa na majibu mengine mengi karibu, nikachukua la kweli lililofunika swali. Mama alikuwa ameshika sinia mlangoni. Alinitazama, akaweka sinia mezani.

Jioni ile, kabla ya kumpelekea wakili nyaraka ili mnunuzi azikague, niliifungua bahasha ya kaki na kuzitoa zile nakala tano za barua za baba. Nilizitia kwenye droo nyumbani kwangu. Naandika haya kwa sababu ya tendo hilo kuliko yale maneno. Maneno mtu anaweza kusema yalimponyoka. Lakini zile karatasi nilizichambua moja moja, kwa vidole vyangu, nikihakikisha hakuna iliyobaki.

Tuliuza kwa shilingi milioni 68.

Asubuhi baada ya simu ile ya usiku, mwalimu alinipigia tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala lakini hana hasira. Akasema, “Kaka, sikukupigia kukutukana. Nataka uniambie kitu kimoja tu. Ulijua?” Nikamwambia nilijua. Akasema, “Ahsante,” akakata.

Nilimfuata rafiki yangu mwanasheria. Alinieleza kwamba Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 17, inazungumzia udanganyifu, na kwamba kunyamaza peke yake juu ya jambo linaloweza kumfanya mtu asitake kuingia mkataba si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mazingira yanamlazimu aliyenyamaza aseme, au pale ukimya wenyewe unapokuwa sawa na kusema. Akasema mwalimu akija mahakamani atahangaika sana. Nyumba aliikagua, fundi alikuja naye, baa iko wazi mtu yeyote anaiona, na mimi sikusema hakuna kelele. Nilitoka ofisini kwake nimepumua. Unafuu ule ulidumu siku moja.

Ulinitoka nilipokuwa nawaza habari ya ule ufa wa jikoni. Ufa uko pale mchana na usiku. Mchwa huacha njia zake za udongo kwenye mbao. Paa linalovuja huacha duara la kahawia darini hata wakati wa kiangazi. Kasoro nyingi za nyumba hukaa mahali pake zikimsubiri fundi, na ndiyo maana watu husema mnunuzi afungue macho. Kelele haisubiri mtu. Ina ratiba, na ratiba hiyo anaijua aliyelala pale. Mnunuzi akija Jumatano saa 10 jioni, kasoro imetoka. Itarudi Ijumaa saa 3 usiku. Hata angekuja na mafundi kumi wasingeikuta. Sisi tuliokuwa tukiishi pale ndio tuliokuwa kipimo pekee, na kipimo kiliulizwa kwa adabu, “Umetulia?” Kwa hiyo kumwambia mnunuzi wa namna hiyo ajihadhari ni kumtaka aone kitu ambacho mimi nimehakikisha hakipo siku anapokuja.

Nilisafiri kwenda Tanga kumweleza mama. Nilitegemea anilaumu au anitetee. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Zile barua za baba yako ziko wapi?”

Kumbe alikuwa anajua. Aliifungua bahasha baada yangu, akakuta haimo hata moja.

Mama aliuza mitumba soko la Karume, Ilala, kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa chini ya meza yake baada ya shule. Alikuwa na desturi moja ambayo wenzake walimcheka nayo. Mteja akishika gauni, kabla hawajaanza kupatana, mama alilichukua kutoka mkononi mwake, akalitafuta tundu kama lipo, akapenyeza kidole chake cha shahada hadi kikatokea upande wa pili, akakichezesha. “Umeona? Hapa pana tundu. Sasa tuseme bei.” Nimekiona kidole kile kikitokeza kwenye makoti, kwenye mashati ya shule, kwenye mapazia. Madrasa alisoma kidogo tu, lakini hili alilishika: kwamba mwenye kuuza kitu chenye aibu lazima aionyeshe aibu yake, na kwamba mnunuzi akiikuta baadaye aibu iliyokuwapo tangu mwanzo ana hiari ya kurudisha. Nami sikuwa na cha kujitetea kwamba sikufundishwa. Nilifundishwa kwa macho, kila siku, saa 9 alasiri.

“Na mimi nilinyamaza,” aliniambia. “Nilileta chai.”

Mwalimu hakutaka kurudisha nyumba. Alishauza kiwanja chake cha kwanza ili kuinunua, na mkewe alishajifungua. Nilipomuuliza anataka nini, alinijibu, “Njoo ulale kwetu Ijumaa moja, kaka. Kwanza hilo.”

Nilikwenda Septemba. Walinipa chumba kilichokuwa changu. Kitanda chao kilikuwa pale pale kilipokuwa changu, kwa sababu chumba ni kidogo na hakina mahali pengine pa kitanda. Mtoto, wa miezi mitatu, walikuwa wamemlaza kwenye korido, kwenye kigodoro baina ya milango miwili iliyofungwa, mahali pekee ambapo kuta mbili zinamtenga na uchochoro. Saa 3 usiku bendi ilianza kupima vyombo. Mwalimu aliketi mezani na rundo la madaftari, akasahihisha. Aliniambia Ijumaa ndiyo siku anayomaliza kazi nyingi, maana kulala hakupo. Mkewe alikuwa anakwenda koridoni kila baada ya muda, anasimama, anarudi.

Miaka niliyoishi mle nilidhani nimeizoea kelele ile. Ilikuwa kama kikohozi cha baba, kitu cha nyumbani. Usiku ule niliisikia kama mgeni kwa mara ya kwanza, nikiwa nimelala chali na moyo ukijaribu kufuata mdundo ambao si wake. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa nchi za Ulaya, lilishauri kelele ya usiku nje ya nyumba isizidi wastani wa desibeli 40. Hiyo ni karibu na utulivu wa maktaba. Sina kipimo nilichopima Tabata, lakini najua kwamba saa 7:40, nilipoitazama saa makusudi, ili kumwambia jambo mwalimu aliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu nililazimika kuinama sikioni kwake.

Nililomwambia ni kwamba nimekuja na barua. Nikampa zile nakala tano.

Alizisoma usiku ule ule, kwa mpangilio wa tarehe. Alipofika ya mwisho, ya mwaka 2011, akasema, “Mzee aliandika vizuri.” Barua zile zilimsaidia kuliko kitu kingine chochote nilichompa. Malalamiko ya mtu aliyehamia juzi yanajibiwa kwamba baa ulikuta ipo. Malalamiko yenye miaka minane nyuma yake yanasomwa tofauti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilikuwapo tangu 2004, na mwaka 2015 zikatoka kanuni za viwango vya kudhibiti kelele na mitetemo, zenye kutenganisha mchana na usiku na kulitenga eneo la makazi na la viwanda. Mwalimu alizifuatilia kwa subira ya kiualimu. Bendi siku hizi inaishia saa 6 usiku, siku nyingi. Si kila siku.

Kuhusu fedha, tulikuwa warithi wanne. Mdogo wangu alikataa katakata: mkataba umesainiwa, mashahidi wapo, mnunuzi ni mtu mzima. Sikumlaumu, alisema nilichokuwa nikikisema mimi mwenyewe mwezi mmoja kabla. Dada yangu alikubali kutoa kidogo. Mama na mimi tukatoa zilizobaki. Zilikuwa shilingi milioni 5. Mwalimu aliziba madirisha mawili ya upande wa uchochoro kwa tofali, akafungua mengine upande wa mashariki. Chumba changu cha zamani sasa hakina dirisha nilikokuwa nikitazamia mwembe. Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba aseme.

Dada yangu anaishi Reading, Uingereza. Mwaka 2019 alikuwa anauza nyumba yake, akanipigia simu kuniuliza jambo, na nadhani aliniuliza mimi kwa sababu ya Tabata. Kule mwuzaji hupewa fomu, inayoitwa TA6, ya chama cha mawakili wa Uingereza na Wales. Ndani yake mna maswali kuhusu migogoro na malalamiko: je, umewahi kugombana na jirani, umewahi kulalamika au kulalamikiwa, unajua jambo lolote linaloweza kuzaa mgogoro? Majibu yana uzito. Kuna kesi ya mwaka 2003, ya McMeekin na Long, ambapo wauzaji walijibu hapana ilhali mgogoro na majirani ulikuwapo, na mahakama ikawaamuru kulipa pauni 67,500. Huko nako msingi wa sheria ni ule ule wa mnunuzi kujihadhari. Ila akikuuliza kwa maandishi nawe ukajibu, jibu lako linakufunga.

Tatizo la dada lilikuwa mbwa. Jirani wa ukuta mmoja alikuwa akitoka kazini asubuhi, mbwa anabaki, analia hadi saa 11 jioni. Dada hakuwahi kulalamika hata mara moja. Ni mtu wa haya, na yeye ndiye mgeni mtaa ule. Tena majirani zake walishamwonya tangu zamani kwamba huko mtu hufikiri mara mbili kabla ya kulalamika, kwa sababu lalamiko likishaandikwa litaingia kwenye fomu siku ya kuuza. Kwa hiyo angeweza kujibu hapana kwenye lile swali la malalamiko, kwa kalamu safi kabisa. Aliniambia, “Wameuliza ugomvi, hawajauliza mbwa.”

Jambo hilo nimelifikiria sana. Fomu ile ni kubwa kuliko chochote tulicho nacho huku, na natamani siku moja mikataba yetu ya mauziano, hii inayoandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwa kurasa mbili, iwe na mstari mmoja wa namna hiyo. Lakini hata fomu huuliza historia ya mdomo wako, kama ulisema au hukusema. Aliyevumilia kimya miaka kumi anaonekana ana nyumba tulivu kuliko aliyelalamika mara moja. Mnunuzi hahitaji kujua kama uligombana. Anahitaji kujua kitakachotokea Jumanne saa 3 asubuhi akiwa amekaa ndani. Dada aliandika kuhusu mbwa, chini ya lile swali la jambo linaloweza kuzaa mgogoro. Mnunuzi alikuwa mtu anayeshinda kazini mchana kutwa. Akanunua.

Mwaka 2021 ikaja zamu yangu tena. Nilikuwa nauza nyumba yangu mwenyewe, Kimara, na hatua thelathini kutoka dirisha la chumba cha kulala kuna mashine ya kusaga na kukoboa. Safari hii niliandika kabla sijampigia dalali. Nilichukua karatasi, na kazi ikawa ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu sentensi zote za mwanzo zilizokuja zilikuwa ama za kuficha ama za kusengenya. “Kuna kelele kidogo” ni ya kuficha. Kidogo ya nani? “Jirani ni mkorofi” ni hukumu yangu, inamchafua mtu ambaye ana leseni na analisha watoto wake. Nilizifuta zote mbili. Nikaandika: mashine huwashwa saa 11 alfajiri, Jumatatu hadi Jumamosi; husimama saa 7 hadi saa 8 mchana; huzimwa saa 2 usiku. Kinu cha kukoboa kina mlio mkubwa kuliko cha kusaga. Chumba cha mbele hutetemeka kidogo, cha nyuma hakitetemeki. Jumapili hakuna. Sijawahi kupeleka malalamiko. Na kwa kuwa kuna kanisa mtaa wa pili, nikaongeza kwamba kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuna mkesha wenye vipaza sauti. Watu wengi huona vibaya kuitaja ibada kwenye mambo ya kelele, wawe Waislamu au Wakristo, kana kwamba kutaja saa ni kuikana dini. Saa ni saa. Mnunuzi mwingine ataisoma Ijumaa ile na kufurahi kwamba atasali bila kupanda daladala.

Dalali alisoma karatasi, akanirudishia. “Kaka, unaiuza nyumba au unaisuta?”

Nilimwambia hakuna mteja atakayeoneshwa chumba kabla hajaoneshwa karatasi. Wa kwanza aliisoma akaondoka bila kuvua viatu. Wa pili alisema atarudi. Dalali akaacha kunipigia kwa wiki tatu. Nilipata hofu kweli, maana fedha zile nilikuwa nazihitaji kwa ada, na kuna usiku nilijiuliza kama ile sentensi ya chumba cha mbele ilikuwa ya lazima.

Wa tatu alikuwa mama mmoja wa makamo. Aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja akaitia mkobani, akasema angependa kuja saa 11 kasorobo alfajiri, Jumatatu, kama si usumbufu. Alikuja kwa bajaji, kukiwa giza, amejifunga khanga juu ya gauni, ana chupa ya chai. Sikuwasha taa ya chumba cha mbele kwa sababu aliniomba nisiwashe. Tulisimama tukisubiri. Mbali jogoo aliwika, daladala za kwanza zikipiga honi barabara kuu. Saa 11 na dakika tano tulisikia mlango wa bati ukifunguliwa, kisha mota ikapata moto, kisha mkanda ukashika na sakafu ikaanza kusema.

Alitembea hadi ukutani, akaweka kiganja chake bapa juu ya plasta, akakiacha hapo.

“Ndiyo yenyewe?” aliuliza.

“Ndiyo yenyewe, mama. Hiyo ni ya kusaga. Wakianza kukoboa huongezeka.”

“Basi tungoje waanze kukoboa.”

Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanipa mimi kwanza.